Milango Miwili ya Banda la Paka

Mjukuu wangu anafuga paka wanne, na kila asubuhi huwachemshia dagaa na pumba za mahindi. Nimemwambia atafute sufuria yake mwenyewe, tena achemshie nje, mbali na dirisha langu. Yeye hudhani bibi yake amekuwa mkali kwa sababu ya uzee. Acha adhani hivyo. Nyie wa rika langu mliokulia Temeke, enzi zile mikorosho ilipokuwa mingi kuliko nyumba za bati, mnaijua harufu ya dagaa wakichemka na pumba. Kwenu pengine ni harufu ya njaa tu. Kwangu mimi ni harufu ya shangazi yangu Mwanaidi, na kila nikiinusa huwa tena mtoto wa miaka minane anayejua jambo na halisemi.

Shangazi Mwanaidi alikuwa dada mkubwa wa baba. Mumewe wa Mbagala alimwacha kwa kuwa hakuzaa, akaja kwetu na kasha moja la nguo, mkeka, na kapu lililofunikwa kwa kanga. Mama alipompokea, kapu likalia.

"Wifi, umetuletea kuku?" mama akauliza.

"Hawa ni wanangu," shangazi akajibu, na hakuwa anatania.

Walikuwa paka wawili. Dume lilikuwa jeusi, macho yake hayakuangalia upande mmoja, akaliita Makengeza. Jike lilikuwa la rangi ya hudhurungi, akaliita Kungumanga. Mwaka haukuisha wakawa watano. Mama hakumsamehe shangazi lile jibu la siku ya kwanza, wala hakuwasamehe paka. Akiwa kisimani na wanawake wenzake alikuwa akisema, "Watu wanazaa watoto, wifi yangu mie anazaa paka," na kisima kizima kikacheka. Nami nilicheka. Ningependa kuwaambia kwamba sikucheka, lakini nilicheka kwa sauti kuliko wote, kwa sababu mama akichekesha watu nilijiona mimi ndiye niliyechekesha.

Shangazi naye hakuwa malaika. Alikuwa na vidole vya kufinya, na alikufinya pale nyama ilipo laini, chini ya mkono, akiwa anatabasamu na mgeni. Kila asubuhi aliwachemshia paka dagaa na pumba, na vichwa vyote vya samaki vilikuwa vyao. Mimi niliyependa kichwa cha changu kuliko mwili wake nilikaa kizingitini nikiwaangalia wakikitafuna, nikawachukia, nikamchukia na yeye. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya shangazi ilikuwa wale paka. Wakiguswa, ndipo ulipojua kwamba hakuna kingine alichobakiwa nacho duniani.

Mama wakati huo alikuwa mjamzito. Baada yangu mimi, mimba mbili zilikuwa zimetoka kabla ya kufika miezi minne, na hii ya tatu ilikuwa imeshikilia hadi tumbo likatangulia mbele yake kila alipopita. Alilibeba kama mtu aliyeshinda kesi. Mbele ya shangazi alipenda kulishika kwa mikono miwili akisema, "Hili zito hili!" Shangazi alikuwa akitazama pembeni.

Kisha kukatokea kichaa cha mbwa. Mbwa mmoja alimuuma mchota maji mchana kweupe, na yule bwana akafa baada ya majuma machache huku akipiga kelele akionyeshwa kikombe cha maji. Serikali ya Mwingereza ilikuwa na amri kwa kila kitu, kodi ya kichwa, pombe, choo, sasa ikaleta amri ya mbwa na paka. Jumbe alipita mitaani na mtu wa kupiga debe, nyuma yao bwana afya mwenye kaptula na daftari. Mnyama yeyote wa kufugwa afungiwe ndani mpaka itakapotangazwa tena. Atakayeonekana nje atapigwa risasi, awe na mwenyewe au asiwe naye.

Watu walicheka. Mbwa utamfunga, lakini paka utamfungaje? Wengi waliwafukuza tu paka wao, wakasema hawawajui. Kesho yake bunduki ikaanza kulia, na mkokoteni wa taka ukapita umebeba manyoya na miguu iliyokakamaa. Vicheko vikaisha.

Shangazi aliwafungia wake chumbani mwake. Siku mbili zikatosha. Kungumanga alikuwa amezaa watoto watatu, na chumba kilinuka mkojo hadi ukumbini. Mama akasimama katikati ya ukumbi, mkono kiunoni.

"Baba wee, chagua. Ama paka, ama mie na tumbo langu."

"Niende nao wapi?" shangazi akauliza kutoka ndani. "Niwapeleke kwenye bunduki?"

Baba alikuwa seremala wa vitanda, mtu wa maneno machache, aliyewapenda wote wawili na kuwaogopa wote wawili. Alichukua panga na kamba akaenda Mtoni, akarudi jioni na mzigo wa miti ya mikoko.

Nikikumbuka siku zile nne za ujenzi, hata sasa moyo hulainika, na sipendi unapolainika. Nilikuwa msaidizi wake. Nilishika mti akichimba, nilimpa msumari akinyoosha mkono. Alinifundisha kwamba banda la paka si banda la kuku. "Kuku ukimzungushia fito tatu ameridhika," alisema. "Paka haridhiki. Atakaa anapapasa mpaka apate pale fundi alipochoka." Kwa hiyo tulichimba mfereji wa kina cha mkono hadi kiwiko, tukaujaza mawe, maana shangazi alisema Makengeza huchimba. Fito zilipangwa hadi mkono wangu usipite. Juu, mahali ambapo kila mtu angeacha wazi, baba alitandika jarife, ule wavu mnene wa papa alioununua mkuukuu kwa wavuvi, akaukunja mara mbili, akaukaza kwa kamba za usumba. Banda zima likanuka pwani. Upande mmoja aliezeka makuti kwa ajili ya mvua. Ndani akapachika mbao za kukalia, moja juu ya nyingine, kwa sababu shangazi alikuwa amesimama nyuma yetu akisema paka asiyekuwa na mahali pa juu huugua huzuni.

"Hata mie sina mahali pa juu," mama akasema kutoka jikoni, "na siugui."

Kitu baba alichojivunia zaidi ni mlango. Aliweka miwili. Ukifungua wa nje unaingia kwenye kijichumba cha kusimama mtu mmoja, unaufunga nyuma yako, ndipo ufungue wa ndani. Hivyo paka akikuponyoka miguuni anabaki kwenye kijichumba, hafiki nje. Kila mlango ulikuwa na fundo la juu na fundo la chini. Baba alinifanya niingie na kutoka mara kumi, hadi mikono ikazoea yenyewe. Watu wa mtaa walikuja kutazama. Jumbe alikuja akacheka hadi akakohoa. Bwana afya alizunguka banda, akavuta wavu, akasukuma fito kwa kiatu, akaandika katika daftari lake, akasema, "Hawa wako salama." Baba akanitazama. Nilimpenda baba siku ile kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu, na nasema hivyo mkijua nimeishi nyingi.

Paka wenyewe walikaa siku mbili wakilia, siku ya tatu wakaanza kulala juu ya mbao, mmoja mmoja na mbao yake. Shangazi alikuwa akiingia humo alasiri na kigoda chake, anakaa katikati yao anachambua mchele. Ukimwona kwa mbali, ungedhani ndiye aliyefungiwa.

Sasa niwaambie kuhusu chuo. Tulikuwa tukisoma Kurani barazani kwa mwalimu mmoja mwembamba, mwenye bakora ndefu iliyomfikia hata mtoto wa mstari wa nyuma. Asubuhi moja baadhi ya wavulana walichelewa, kwa sababu walikuwa wakiufuata mkokoteni wa paka waliouawa, wakiuimbia. Mwalimu aliwachapa wote. Bado akiwa na hasira, akatuhadithia kisa cha yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfunga, mwalimu akasema. Hakumpa chakula, wala hakumwacha atoke ajitafutie wadudu wa ardhini, mpaka paka akafa. Kisha akatueleza moto. Mwalimu wetu alikuwa fundi wa moto. Pepo alikuwa akiitaja kwa maneno mawili matatu, mito na vivuli basi, lakini moto aliujua mlango kwa mlango, na kila ngozi ikiungua alituonyesha kwa kuvuta ngozi ya mkono wake.

Mimi nilikuwa naona mikono ya baba tu. Nikainua mkono.

"Mwalimu, na aliyejenga banda?"

"Banda gani?"

"La kumfungia paka."

Jua lilikuwa limepanda na alitaka tumalize aya. "Anayesaidia dhambi ana fungu lake," akasema. "Kaa chini usome."

Mtu mzima angesikia kwamba yule mwanamke alimnyima paka chakula, na kwamba paka wetu walikula vichwa vya samaki ambavyo mimi sikula. Nami nilisikia. Sikuwa mjinga. Lakini mwalimu alitaja mambo mawili, kutomlisha na kutomwacha ajitafutie, na mimi nilihesabu kila moja kuwa dhambi peke yake. Paka wetu hawakutoka. Mijusi ilikuwa ikipita juu ya wavu na wao wakiitazama tu. Kwa hiyo nusu ya moto ilikuwa yetu. Na ukweli wote niuseme leo, sikumwonea huruma shangazi. Yeye angeungua, ningesikitika kidogo, kisha ningekula kichwa cha changu. Nilimwonea huruma baba, aliyejenga kwa mikono yake, akafunga mafundo yote, na hakujua.

Siku hiyohiyo shangazi alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Mbagala kwenye msiba. Alimwachia mama maagizo ya kuwapa paka maji na chakula, na mama akaitikia kwa mdomo uliopinda. Lakini asubuhi, kabla sijaenda chuoni, nilimwona kwa macho yangu akijikokota na tumbo lake hadi bandani, kata ya maji mkononi. Niliporudi adhuhuri alikuwa amelala mkekani, mdomo wazi, miguu imevimba. Baba alikuwa kazini. Paka walikuwa wanalia. Paka hulia wakati ule kila siku, wakisikia harufu ya majiko ya majirani, na kila siku nilikuwa nikiwasikia bila kujali. Siku ile niliwasikia kama mashahidi.

Nikafungua fundo la juu na fundo la chini la mlango wa nje. Nikaingia, sikuufunga nyuma yangu. Nikafungua wa ndani. Nikasubiri watoke mbio, kama baba alivyosema watatoka. Hawakutoka. Makengeza alinitazama kutoka kwenye mbao yake, akafumba macho. Walikuwa wamezoea. Nilipaswa kuelewa hapo, lakini mtoto akishaamua kuokoa watu haelewi. Nikachukua fagio. Nikawapiga mmoja mmoja. "Tokeni! Mnatupeleka motoni!" nikawaambia kwa sauti ya chini, mama asiamke. Wanne walitoka. Kungumanga alijikunja juu ya watoto wake, akanikoromea. Nikamsukuma kwa fagio, akarudi. Nikamsukuma tena hadi kijichumbani, nikampiga la mgongo, akaruka nje akapotelea nyuma ya choo. Watoto wake hawakuwa wamefungua macho. Niliwaacha, nikisema hawa wadogo hawahesabiwi. Nikarudisha fagio mahali pake, nikaenda kucheza kombolela kwa jirani, mwepesi kama mtu aliyelipa deni.

Mlio wa kwanza ulitoka upande wa kisima. Hata sikushtuka, kwa kuwa tulikuwa tumezoea milio. Wa pili ulikuwa karibu. Wa tatu ulikuwa nyuma ya choo chetu, na baada yake mama akaita jina langu, nikaenda, nikamkuta amesimama uani ameshika ukuta. Mtu wa bunduki alikuwa anatoka na Kungumanga amemshika mkia. Paka yule alikuwa akirudi kwa watoto wake, akapigwa hatua tano kutoka mlango wa banda.

Shangazi alikutana na mkokoteni njiani. Hakuna aliyemwambia. Alimwona Makengeza juu kabisa ya rundo, jicho moja huku na jingine kule. Aliomba apewe akamzike, wakamkatalia, maiti zote zilikuwa za kuchomwa. Aliingia uani mikono mitupu, akaenda moja kwa moja bandani, akasimama akitazama milango miwili iliyo wazi na fito zisizovunjika hata moja. Hakulia. Akatoka akamwendea mama.

"Nani?"

"Sijui, wifi. Nilipitiwa na usingizi."

"Wewe hukulala. Wewe ulikuwa unaingoja siku hii tangu nilipoteremsha kapu."

"Wallahi sikufungua! Kwa tumbo langu hili!"

"Usiape kwa tumbo," shangazi akasema. "Tumbo si mali ya mtu."

Baba aliporudi walikuwa wamekauka sauti. Alikagua mafundo, akasema hakuna paka awezaye kuyafungua. Akamtazama mkewe, akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kinu, na hakuna aliyeniuliza. Zamani mtoto hakuulizwa. Nilijiambia kwamba sijasema uongo.

Wale watoto wa Kungumanga shangazi aliwanyonyesha maziwa ya mbuzi kwa utambi wa kitambaa. Walilia siku nzima na usiku kucha, kilio chembamba kilichopenya kila ukuta. Mmoja alikufa siku ya pili, wawili siku ya nne. Alipomzika wa mwisho, alinawa mikono, akavaa buibui, akaenda kwa mwalimu wetu wa chuo. Aliporudi alisema kwa sauti ya kusikika hadi njiani: aliyefungua mlango ana siku tatu za kujitokeza. Baada ya hapo atasomewa Halbadiri.

Hakuna asiyejua Halbadiri. Majina ya watu waliopigana Badri pamoja na Mtume husomwa, ubani ukifuka, na aliyetenda hupatilizwa alipo. Kwetu watoto ilijulikana kwamba mwizi akisomewa huvimba tumbo hadi kupasuka.

"Dada," baba akasema, "Halbadiri kwa ajili ya paka?"

"Si kwa ajili ya paka. Kwa ajili ya mkono."

"Na kama ni mtoto wa watu alicheza tu?"

"Basi aje aseme. Siku tatu si chache."

Hazikuwa chache. Zilikuwa na asubuhi tatu na jioni tatu, na kila moja nilimsogelea baba nikiwa na maneno mdomoni. Siku ya kwanza nilimwogopa shangazi. Siku ya pili nilimwogopa baba, kwa kuwa alisema aliyefanya vile hatamwacha salama. Siku ya tatu nilikuwa nimechelewa siku mbili, na hilo lenyewe likawa kosa jingine la kueleza. Nilikuwa naingia chooni nikifunua gauni kutazama tumbo langu. Kumsaidia baba asiungue nilikuwa nimeweza. Kumsaidia mama asisingiziwe sikuweza, wala sina maelezo mazuri ya hilo hata leo. Nilikuwa mwoga, basi.

Ilisomwa barazani kwetu, baada ya sala ya alasiri. Mwalimu alikuja na wasomaji wanne, na akatuleta sisi watoto wa chuo tukae nyuma tuitikie. Mama alikuwa ndani, amekaa mlangoni pa chumba, mkono juu ya tumbo. Hakukimbia wala hakujificha. Alitaka kila mtu amwone kwamba haogopi. Ubani ulipanda, majina yakasomwa, na kila mwisho wa fungu mwalimu alinyanyua mikono akimwomba Mungu amfichue aliyefungua mlango ule, amwonyeshe katika mwili wake na katika kizazi chake. Sisi tukaitikia, "Amin." Niliitikia. Jirani yangu alikuwa akinitazama, nami sikutaka kuwa mtoto pekee aliye kimya. Nilisema amin mara zote, na ya mwisho niliisema kwa nguvu.

Kisha wakanywa kahawa na kula halua.

Siku ya tisa mama alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Mkunga alikaa naye tangu asubuhi hadi jua la utosi. Nilikuwa uani nikipepeta pumba bila sababu yoyote. Nilisikia mama akinyamaza, nikangoja kilio kingine, kile chembamba, hakikuja. Alikuwa mvulana. Alikuwa ametimia viungo, mkunga alisema, kucha na nywele, ila hakupumua. Baba aling'oa mbao za banda, zile za kukalia paka, akazipiga randa, zikaenda kuzibia mwanandani wa kaburi lake. Hakuwa na mbao nyingine nyumbani siku ile.

Wanawake wa kisimani hawakucheka tena, walinong'ona. Mtaa mzima ulijua sasa ni mkono wa nani. Mkunga mmoja mzee alijaribu kusema kwamba mama alikuwa amevimba miguu tangu mwezi uliopita, na wanawake wa hivyo hupoteza, lakini nani alimsikiliza? Shangazi alikaa chumbani kwake siku tatu. Hakuja kumpa mama pole, wala kumpikia uji. Nami niliyekuwa nimesema amin nilikuwa nakula, nalala, nakua. Tumbo langu lilikuwa bapa kama sinia.

Mlio wa bunduki nimeusahau. Nisichokisahau ni siku mama alipoinuka. Ilikuwa baada ya arobaini, mchana, amejifunga kanga kifuani, amekonda. Alivuka ukumbi akaingia kwa shangazi, na mimi nilikuwa mlangoni. Akapiga magoti. Mama yangu, yule aliyekuwa na ulimi wa kuchekesha kisima kizima, alipiga magoti juu ya sakafu ya udongo.

"Wifi, nisamehe. Nimefikiri siku zote hizi. Asubuhi ile niliwapelekea maji. Tumbo lilinizuia kuinama. Mafundo ya chini sikuyafunga. Hata ya juu sikumbuki. Ni mie, wifi. Niliapa uongo bila kujua."

Nilidhani shangazi atamwinua.

"Mie nimekusamehe," akasema. "Lakini waliosomwa siwezi kuwarudisha." Akaendelea kukunja nguo zake ndani ya kasha. Juma lile akahamia Mbagala, na hatukuishi naye tena.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa mama. Mafundo yote, ya mlango wa nje na wa ndani, yalikuwa yamefungwa siku ile. Mimi ndiye niliyeyafungua, nayajua jinsi yalivyokuwa yamekazwa. La chini la mlango wa nje lilinivunja ukucha. Mama alikuwa ameinama na tumbo lake lile, akalifunga barabara kwa ajili ya paka aliowachukia. Ningesema neno moja tu. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, akazikwa akiamini ndiye aliyemuua mwanawe.

Jioni ile aliniita jikoni. Tukachambua mchele katika ungo mmoja, vidole vyetu vikigusana. Alikuwa mpole kwangu kuliko zamani, kwa kuwa nilikuwa ndiye mtoto aliyebaki.

"Umeona, mwanangu, yaliyonipata?" akasema. "Siku ukikabidhiwa mlango wa mtu, ufunge. Umeona?"

"Nimeona, mama," nikamjibu.